Grafu ya Tangi Iwe ya Ploti Nzima

Wasee, leo tuongee kuhusu sensa. Si ile ya Agosti 2019, ya watu kubisha mlango na tableti wakiuliza mko wangapi kwa hii nyumba na mmefuga mbuzi wangapi. Naongelea ile ya kielektroniki: kidude kidogo kinachopima kitu, kinatuma namba kwa intaneti bila waya, na wewe unaiona kwa simu ukiwa ndani ya matatu.

Ila hizo sensa mbili zinafanana kwa jambo moja. Kuna anayehesabu na kuna anayehesabiwa. Na sisi tumekuwa upande wa kuhesabiwa siku nyingi sana.

Angalia tu. Mfumo wa sola wa M-KOPA ulipoanza kuuzwa hapa Kenya mwaka wa 2012, ulikuja na laini ya simu ndani yake. Unalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, kifaa kinafunguliwa kutoka mbali. Usipolipa, giza. Siku hizi kuna hadi meta za gesi za kulipia kwa simu, ziko jikoni kwa watu. Sisemi ni vibaya. Kuna watoto wamesomea mtihani na hiyo taa. Lakini cheki data inaenda upande gani. Inatoka kwako, inapanda juu. Kampuni inaona kifaa chako, wewe huoni kitu ya kampuni.

Hata hilo jina la intaneti ya vitu lilizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1999 Mwingereza mmoja, Kevin Ashton, alikuwa anafanya kazi Procter & Gamble. Shida yake ilikuwa lipstiki: kuna rangi ilikuwa inaisha madukani na kampuni haijui. Akataka bidhaa zenyewe ziseme ziko wapi, na presentesheni yake akaipa hilo jina. Kwa hivyo tangu mwanzo hii teknolojia ilikuwa ya mwenye mali kujua mali yake.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu watanipinga. Kuweka sensa ni kazi ya wikendi moja. Kazi yenyewe iko kwa swali la nani ataona grafu. Sensa ambayo watu inaowahusu hawawezi kusoma namba zake ni kamera ya mwenye nyumba tu, imebadilisha sura.

Nitatumia mfano ninaoujua vizuri, tangi la maji la ploti yetu.

Kama unaishi Nairobi unajua mambo ya maji. Kuna ratiba ya mgao, na maji yakija yanaingia kwa tangi kubwa la juu, halafu kila nyumba inapata kwa mfereji wake. Yakiisha katikati ya wiki, mnaanza kununua ya mkokoteni kwa mtungi, na bei ya mtungi siku za ukame mnaijua wenyewe. Hapo ndio vita huanza. Watu wa chini wanasema wa juu wanaoga kama wako hotelini. Watu wa juu wanasema wa chini wanafua hadi mazulia ya jamaa zao. Wote wakishachoka kulaumiana, wanageukia keateka: huyu anauza maji yetu usiku. Kwetu ilifika mahali mwenye ploti alikuwa ameshasema mwezi ukiisha keateka aende. Mzee wa watu, ana familia, anaishi kwa kale kachumba karibu na geti.

Kwa hivyo swali la sensa yangu halikuwa "nifanye projekti gani ya kushangaza watu". Lilikuwa moja: maji ya tangi yanaenda wapi, na saa ngapi? Hiyo ndiyo hatua ya kwanza na wengi huiruka. Tumeona maonyesho ya sayansi ya shule, vidude vinawaka taa za rangi tatu, mwalimu anapiga picha, wiki inayofuata vyote viko ndani ya katoni. Vinafanya kazi poa, ila hakukuwa na mtu nyumbani aliyekuwa anangoja hilo jibu.

Sasa vifaa. Luthuli Avenue vinapatikana vyote, na mimi zilinitoka kama elfu tatu pamoja na betri na kiboksi cha plastiki. Kuna bodi ndogo yenye chipu ya ESP8266, ndiyo ubongo na ndiyo waifai. Kuna sensa ya sauti inayoitwa JSN-SR04T, ambayo kichwa chake hakiogopi maji. Unaifunga juu ya tangi ikiangalia chini. Inapiga mlio ambao sikio lako halisikii, mlio unagonga maji na kurudi, bodi inahesabu muda. Sauti hupita kwa hewa kama mita 343 kwa sekunde kukiwa na joto la nyuzi 20, kwa hivyo ukijua muda wa kwenda na kurudi unajua umbali hadi kwa maji. Toa umbali huo kwa urefu wa tangi, umepata kina cha maji.

Mambo madogo yanayosumbua wengi nayataja haraka. Hiyo sensa haioni kitu kilicho karibu nayo chini ya sentimita 25 hivi, kwa hivyo ifunge juu kuliko mahali maji hujaa. Iweke mbali na ukuta wa tangi na mbali na bomba linaloingiza maji, la sivyo itasoma mwangwi wa vitu vingine. Waya wake wa jibu hutoa volti 5 na bodi inataka 3.3, kwa hivyo weka rezista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, zigawe huo moto. Chipu ya ESP8266 inashika waifai ya 2.4 GHz pekee, kwa hivyo usiipe jina la ile nyingine ya 5 GHz halafu ukeshe ukishangaa. Na iambie ilale. Inaamka kila dakika 10, inapima, inatuma, inalala tena, na kwa hiyo betri inadumu. Kwenye bodi za aina hii lazima uunganishe pini ya D0 na ile ya RST, bila hiyo haitaamka.

Namba zinaenda kwa jukwaa. Nilitumia ThingSpeak juu ni ya bure kwa mambo madogo, na kwa bure hiyo inataka tu usitume haraka kuliko kila sekunde 15. Unafungua chaneli, unapewa funguo mbili: wa kuandika na wa kusoma. Wa kuandika unakaa ndani ya bodi na usimpe mtu, maana aliye nao anaweza kutunga namba anazotaka. Wa kusoma ndio wa kugawa. Kila dakika 10 ni namba 144 kwa siku. Bando haihisi chochote.

Kuna mtu ataniuliza: kwa nini usipande tu ngazi uangalie? Swali poa. Ukipanda ngazi unajua maji ya saa hiyo. Huwezi kupanda ngazi saa tisa usiku kila siku, na ukipanda, ni neno lako dhidi ya neno la mwingine. Mwingine atasema weka namba kwa memori kadi, intaneti ya nini? Kwa sababu mwenye kadi ndiye mwenye ukweli. Anaweza kuipoteza, anaweza kufuta siku moja isiyompendeza. Namba zikitumwa bila waya na wote wakawa na linki, mnaziona pamoja, na hakuna anayepata nafasi ya kuzipanga kwanza. Mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa ya hiki kitu. Kukosa waya ni raha, ila kukosa mtu wa katikati ni raha zaidi.

Sasa tulichoona. Tangi letu ni la mviringo, lita elfu 10, upana wake kama mita 2.2. Piga hesabu: kila sentimita ya maji ni kama lita 38. Karibu mitungi miwili.

Mchana grafu ilikuwa kama ngazi. Asubuhi watu wanaoga, inashuka ghafla, inatulia. Saa sita inashuka kidogo. Jioni tena. Hivyo ndivyo watu hutumia maji, kwa vipande. Lakini usiku, kuanzia saa tano hadi saa kumi, siku ambazo maji ya kanjo hayaji, ilikuwa inashuka kwa mstari ulionyooka kama rula. Sentimita 3 kila saa. Kila usiku. Masaa matano ni sentimita 15, yaani lita 570. Mitungi 28 na bado.

Fikiria hapo. Mwizi hachoti kwa mstari ulionyooka. Mwizi anakuja na mitungi, anajaza, anaenda, grafu ingeonyesha ngazi. Mstari ulionyooka usiku kucha ni maji yanayovuja. Hata kampuni za maji duniani hutafuta uvujaji kwa njia hiyo hiyo: wanaangalia maji yanayopita saa zile watu wamelala, juu saa hizo matumizi ya kweli yako chini kabisa.

Lakini kabla namba haijasafisha mtu ama kumshtaki, nayo ihojiwe. Hapa ndipo naona wengi wetu tunapeleka grafu kwa watu kama ni maandiko matakatifu. Kasi ya sauti hubadilika na joto, kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Jua likichoma tangi mchana, mlio unarudi haraka, na sensa inadhani maji yamepanda bila mtu kuleta hata tone. Usiku kukipoa inakuwa kinyume, maji yanaonekana yameshuka. Tangi likiwa karibu tupu, na hewa ya mita 2 ndani, tofauti ya nyuzi 15 na nyuzi 30 inakudanganya sentimita 5. Hizo ni karibu lita 200 za uongo!

Kwa hivyo yule jirani aliyeuliza kama ni baridi tu ya usiku inatuchezea hakuwa mjinga. Aliuliza swali la maana kuliko wote. Tukahesabu: usiku ukipoa kwa nyuzi 4, na hewa ya mita 1.2 juu ya maji, kosa halifiki sentimita 1. Sisi tulikuwa na 15. Baridi haiwezi kubeba mzigo huo. Ukitaka usafi zaidi, ongeza sensa ya joto karibu na hiyo ya sauti na uiambie programu irekebishe.

Maji yalikuwa yanaenda wapi? Kulikuwa na nyumba imekaa bila mpangaji miezi miwili. Boya la tangi la choo lilikuwa limechoka, maji yanapita polepole hadi kwa sinki la choo usiku na mchana, na hakuna mtu ndani wa kusikia. Fundi alilibadilisha kwa dakika 20. Usiku ule mstari ukalala tambarare. Keateka bado yuko getini hadi leo.

Ningeweza kuishia hapo na mngepiga makofi. Lakini kilichofuata ndicho kimenifanya niandike.

Mwenye ploti aliniita. Akanishukuru kwa kweli, mzee mpole tu. Halafu akasema, "Kijana wangu, sasa hiyo grafu ifungwe, nione mimi peke yangu. Hawa watu wakiona tangi limekuwa tupu siku nne watakuja kunisumbua kuhusu kodi. Na nataka uniwekee nyingine kwa bomba la kila nyumba, nijue nani anatumia ngapi."

Nikamwambia, "Mzee, kwa heshima zote, ya kwanza hapana, na ya pili hapana hadi wenye nyumba wakubali."

Wengine wameniambia nilikosa adabu, tangi ni lake na ploti ni yake. Sawa, tangi ni lake. Lakini maji yaliyo ndani ndiyo wapangaji wanayalipia, na kiu ikija inakuja kwa wapangaji. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Namba inayosema kama kesho nitaoga ama sitaoga ni yangu pia. Na wangeishije na grafu iliyofungwa? Keateka angekuwa ameshapoteza kazi. Ni macho mengi yaliyomwokoa. Nikiangalia peke yangu naona mstari. Mama wa nyumba ya chini ndiye aliyekumbuka kwamba ile nyumba tupu haijawahi kufungiwa maji.

Kuhusu sensa ya kila nyumba, hapo mambo yanageuka kabisa. Maji ya tangi ni ya wote, hayataji mtu. Maji ya nyumba moja yanataja. Ukiangalia grafu ya mfereji wangu kwa wiki moja utajua naamka saa ngapi, natoka saa ngapi, nilisafiri siku gani, na usiku wa Ijumaa tulikuwa wawili ama mmoja. Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinalinda mambo ya faragha ya mtu na familia yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Hutakiwi kukusanya mambo ya mtu bila kumwambia unakusanya nini na kwa nini. Kwamba kidude ni cha elfu tatu na kimefungwa na kijana wa mtaa haibadilishi kitu.

Kwa hivyo kanuni yangu ni fupi. Kitu cha pamoja, data iwe ya pamoja. Kitu cha mtu, data ni ya mtu. Ukichanganya hizo mbili umeanza kuwachunga majirani zako.

Na kuna upande mwingine wa hiyo kanuni. Ya pamoja si lazima iwe ya dunia nzima. Hakuna haja mtu wa mbali ajue ploti fulani ina maji ama haina. Tulikubaliana hivi: chaneli imefungwa kwa wageni, grafu inaonekana kwa linki iliyo kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, na mwenye ploti yuko humo kama sisi wote. Alinuna wiki mbili. Sasa ndiye wa kwanza kutuma, "Tangi limefika nusu, tupunguze kufua."

Mambo mawili ya mwisho kwa yule ambaye ameshaanza kuhesabu pesa aende Luthuli.

La kwanza, stima itapotea, ruta itazima, na grafu itakuwa na pengo. Liache pengo. Jukwaa lako likichora mstari kuunganisha kabla na baada, waambie watu kwamba hapo katikati hakuna aliyepima. Pengo linalojulikana halimuumizi mtu. Mstari wa kubuni unaweza kumfukuzisha mtu kazi.

La pili, jukwaa si lako. Google walikuwa na huduma yao ya kuunganisha vifaa hivi, IoT Core, wakaifunga Agosti 2023. IBM nao wakafunga ya kwao mwaka huo huo. Kama hao wanafunga, na hiyo ya bure unayotumia inaweza kuamka siku moja haipo. Kila mwisho wa mwezi pakua namba zako zote kama jedwali, na nakala ikae kwa simu mbili au tatu za watu wa ploti, si kwa yako pekee. Ukihama mtaa kesho, wabaki nazo.

Najua kuna wale wanasema sisi vijana tungoje serikali, ama tungoje kampuni fulani ilete kitu kikubwa cha mji mzima. Sawa, kije. Lakini kikija kitapima kile wenyewe wanataka kupima, na grafu itakaa ofisini kwao. Wakati huo mtaani kuna mstari unashuka kila usiku, na kuna mtu ananyooshewa kidole kwa kitu ambacho hakufanya.

Kwa hivyo ukiweka yako, usinionyeshe kwanza bodi na waya zake. Niambie ni swali gani inajibu, na ni nani wengine wana linki.